Kusoma Barua Pepe za Kazini kwenye Simu Yako Bila Kumkabidhi Mwajiri Simu Nzima

Mfanyakazi anayetakiwa kusoma barua pepe za kazini kwenye simu aliyoinunua kwa fedha zake hukutana na ukurasa wenye kitufe cha kukubali, na wengi hukibonyeza upesi kwa sababu kikao kinakaribia na ujumbe unasubiriwa. Hapo ndipo huamuliwa kama mwajiri atalinda barua zake peke yake, au atapata pia mamlaka juu ya simu yote, pamoja na picha za familia na mazungumzo yaliyomo. Mwajiri ana haki ya kulinda taarifa zake, na haki hiyo naiheshimu kwa dhati. Lakini haimfanyi kuwa mmiliki wa simu, na teknolojia iliyopo inaruhusu mambo hayo mawili kutenganishwa.

Njia inayohitaji tahadhari kubwa kuliko zote ni ile iliyozoeleka, yaani kuongeza akaunti ya Microsoft Exchange, mfumo wa barua pepe unaotumiwa na ofisi nyingi, kwenye programu ya barua iliyokuja na simu. Itifaki ya Exchange ActiveSync, yaani kanuni ambazo simu na seva ya ofisi huwasiliana kwazo, huleta barua, kalenda na anwani, lakini pia hubeba masharti kutoka kwenye seva, na miongoni mwake imo amri ya kufuta kifaa kwa mbali. Kwenye simu nyingi za Android, kabla akaunti haijakamilika, hutokea ukurasa unaoomba programu ya barua ipewe usimamizi wa kifaa, na chini yake orodha fupi ya mamlaka: kufuta data yote, kuweka kanuni za nenosiri, kufuatilia majaribio ya kufungua skrini, kufunga skrini. Mstari wa kwanza una maana kwamba mtu aliyeko ofisini anaweza kuirudisha simu yako katika hali iliyotoka nayo kiwandani. iPhone haikuonyeshi orodha ya namna hiyo, na kwa sababu hiyo watumiaji wake wengi hawajui kwamba amri ileile inaweza kuwafikia. Itifaki hiyo kuanzia toleo la 16.1 ina amri nyingine inayofuta akaunti ya kazini tu, ila anayechagua amri ya kutuma ni msimamizi wa mfumo. Ukiuona ukurasa huo, soma kila mstari, kisha ughairi na utafute njia nyingine.

Njia nyepesi kuliko zote ni kivinjari. Fungua anwani ya barua za ofisi katika Chrome au Safari, ingia kwa nenosiri lako, kisha tumia menyu ya kivinjari kuweka ikoni ya ukurasa huo kwenye skrini ya kwanza. Kwa njia hii seva haipati nafasi ya kutuma amri yoyote kwa simu. Utakosa arifa za uhakika, na bila intaneti hutasoma kitu. Hata hivyo, kwa mtu anayehitaji kutazama barua mara chache kwa siku, sioni sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Baadhi ya ofisi hulizuia hili kwa makusudi, na hapo itakubidi kuzungumza na kitengo cha TEHAMA.

Anayehitaji arifa na kalenda aombe ulinzi unaowekwa kwenye programu badala ya kuwekwa kwenye simu. Katika Microsoft Intune, mfumo wa kusimamia simu na programu za kazini, utaratibu huo upo, na hauhitaji simu kuandikishwa, yaani kuwekwa chini ya usimamizi wa ofisi: programu ya barua ya Outlook huwa na namba yake ya siri, maandishi ya barua ya kazini huzuiwa kunakiliwa kwenda programu binafsi, na ukiacha kazi hufutwa data ya kazini iliyomo ndani ya programu hiyo, basi. Kwenye Android utatakiwa kuwa na programu iitwayo Company Portal, jambo linalowatia wengi hofu. Kuwapo kwake kwenye simu pekee hakuiandikishi simu. Uandikishaji hufanyika pale unapoifungua, ukaingia na kukubali hatua zake za kuiweka simu chini ya usimamizi. Kwa wanaotumia Google Workspace, huduma ya Google ya barua na kazi za ofisi, uliza kama ofisi inatumia usimamizi wa kawaida au ule wa juu, kwani wa kawaida humwezesha msimamizi kuiondoa akaunti ya kazini, ilhali wa juu unaweza kumpa uwezo wa kufuta kifaa.

Ofisi ikisisitiza kwamba simu lazima iandikishwe, kwenye Android kubali wasifu wa kazini na usikubali zaidi ya huo. Huu ni utaratibu ulioingia na Android 5.0 mwaka 2014, unaotenga eneo la kazi ndani ya simu, na programu zake huonekana zikiwa na alama ndogo ya mkoba. Msimamizi hutawala eneo hilo. Anaweza pia kujua aina ya simu na toleo la mfumo wake, na kudai skrini ifungwe kwa nenosiri, lakini hazioni picha wala ujumbe wako wa upande wa pili. Manufaa yake ambayo hayasemwi vya kutosha ni kwamba unaweza kuusimamisha wasifu huo jioni, programu za kazini zikafifia na arifa zake zikanyamaza mpaka utakapouwasha tena. Kwa iPhone, utaratibu unaofanana na huo ni uandikishaji wa mtumiaji, ulioletwa na iOS 13 mwaka 2019. Data ya kazini hukaa katika sehemu yake ya hifadhi, na msimamizi hana amri ya kufuta simu nzima.

Ukiombwa kusakinisha cheti cha usalama kwenye simu nzima, kataa mpaka upewe maelezo, kwa kuwa cheti cha aina hiyo kinaweza kuruhusu mawasiliano yako yaliyosimbwa, yaani yaliyofichwa ili wengine wasiyasome, yafunguliwe njiani. Usijaribu pia kukwepa masharti kwa kuzielekeza barua za kazini kwenda akaunti yako binafsi. Huko ni kuvujisha taarifa za ofisi, na kunaweza kukugharimu ajira.

Kabla ya kukubali lolote, andikia kitengo cha TEHAMA na uombe majibu ya maandishi: je, kinachoandikishwa ni simu nzima, wasifu au programu? Nani ana uwezo wa kutuma amri ya kufuta, na itafuta nini? Ni taarifa zipi za simu zitakazoonekana kwao? Wakati ukisubiri, weka nakala rudufu ya picha na anwani zako. Eleza pia kwamba simu ikipotea utatoa taarifa mara moja ili akaunti ya kazini iondolewe, maana hofu yao kubwa iko hapo. Majibu yakionyesha kwamba hakuna njia isipokuwa kuitawala simu yote, omba simu ya ofisi, na ombi hilo nalo liwe la maandishi.