Stesheni ya mabehewa manane: anza reli ya modeli kwenye ubao wa mita moja na nusu

Wengi wanaoanza burudani hii hununua seti ya reli za duara. Wanaiunga sakafuni, treni inazunguka mara ishirini, na kesho yake jioni boksi liko juu ya kabati. Hata mimi nilipitia huko. Kilichonirudisha ni kazi ya stesheni: kukata behewa, kulisukuma njia ya pembeni, kurudi kuchukua jingine, mpaka treni ikae kwa mpangilio unaotakiwa. Kazi hiyo ina raha isiyochosha, na haihitaji chumba kizima.

Ramani ninayotumia inaitwa Inglenook Sidings, ilibuniwa na Mwingereza Alan Wright. Ina pointi mbili tu, yaani zile sehemu reli inapogawanyika, na njia tatu za kuegesha. Njia ndefu inabeba mabehewa matano, mbili fupi zinabeba matatu kila moja. Upande wa pili kuna njia ya kuvutia, yaani ile ambayo injini inavutia mabehewa ndani yake wakati wa kuyapanga. Inatosha injini na mabehewa matatu, basi. Usiirefushe hata kidogo, kwa sababu ufinyu wake ndio unaokufanya ufikiri.

Hatua ya 1: Chagua reli unayoipenda, skeli itafuata

Reli za modeli zinazopatikana kwa urahisi zaidi, mpya na mitumba, zina upana wa milimita 16.5. Sasa piga hesabu. SGR, reli ya kisasa, ina upana wa milimita 1,435. Gawa kwa 87, unapata karibu kabisa 16.5. Ndiyo maana anayeipenda SGR hutumia skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli, ile inayoitwa HO. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1,067. Gawa kwa 64, unapata 16.7. Reli ya kati ya zamani, na ile ya Mombasa kwenda Kisumu, ni mita moja kamili. Gawa kwa 60, unarudi palepale 16.7. Njia ile ile moja, ukibadilisha tu ukubwa wa unachoweka juu yake, inakuwa reli tatu tofauti.

Mimi ni mtu wa TAZARA, kwa hiyo niko 1:64. Kuna faida nyingine hapa: vile vigari vidogo vya chuma vinavyouzwa madukani kwa watoto, vingi vinakaribia skeli hiyo hiyo. Lori na pikapu za kuegesha mbele ya stesheni utazipata bila kuagiza popote. Mtu wa sentimita 170 anakuwa na urefu wa sentimita 2.7 hivi.

Hatua ya 2: Ubao

Kata plaiwudi ya milimita 9 au 12, urefu sentimita 150, upana 30. Chini yake piga fremu ya mbao nyembamba, na ongeza mbao za kukatiza kila baada ya sentimita 40. Paka rangi au vanishi pande zote mbili, pamoja na kingo. Ukipaka juu tu, unyevu wa pwani utaingia kwa chini na ubao utapinda ndani ya masika moja.

Hatua ya 3: Tandika njia

Nunua reli za nikeli-silva, si za chuma. Jina linadanganya, hakuna fedha ndani yake. Ni mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli. Lakini haishiki kutu kama chuma, na kwa anayeishi Dar, Tanga au Mombasa hilo linamaliza mjadala.

Vipimo vyangu ni hivi. Kila behewa, pamoja na kiungio chake, lina sentimita 11. Injini ni 15. Njia ya kuvutia basi ni 15 kujumlisha 33, weka 50. Pointi mbili, kila moja kama 17. Njia ndefu ni 55. Jumla 139, na zinazobaki ni za vizuizi vya mwisho. Kama mabehewa yako ni marefu zaidi, refusha ubao kabla hujakata kitu.

Panga kila kitu juu ya ubao bila gundi kwanza, sukuma behewa kwa kidole kote, na usikilize. Likigonga kwenye maungio, reli hazijakaa sawa. Acha nafasi ya kama nusu milimita kwenye kila maungio, maana joto linatanua reli.

Hatua ya 4: Umeme

Kontrola, kile kifaa cha kuendeshea treni, kwa kawaida hutoa umeme wa DC usiozidi volti 12: reli moja chanya, nyingine hasi. Tumia kontrola iliyotengenezwa kwa kazi hii. Umeme wa ukutani usiguse reli kwa namna yoyote.

Waya zote mbili za kontrola ziunge kwenye njia ya kuvutia, upande ambao treni inaingilia kwenye pointi. Pasi ya kulehemu ndiyo inayowatisha wengi, kwa sababu mataruma, vile vipande vinavyolala chini ya reli, ni ya plastiki na yanayeyuka. Fanya hivi: sugua ubavu wa nje wa reli kwa msasa mpaka ung'ae. Weka pamba iliyoloanishwa maji juu ya reli, kushoto na kulia kwa sehemu unayotaka kulehemu. Paka risasi ya kulehemu kidogo kwenye reli, kidogo kwenye ncha ya waya, kisha vikutanishe na uguse kwa pasi sekunde mbili tu. Pamba inanyonya joto, taruma zinabaki salama.

Injini ikizima kila inapovuka moyo wa pointi, pale reli zinapokatana, huenda moyo huo ni wa plastiki na injini yako ni fupi mno kuuvuka. Chagua injini ambayo magurudumu yake yote yanachukua umeme.

Hatua ya 5: Mabehewa

Mabehewa halisi ya TAZARA ni marefu, yanakaa juu ya bogi mbili, yaani vigari vya magurudumu vinavyogeuka. Yangu nimeyafupisha kwa makusudi, yana ekseli mbili, nimeyajenga kwa karatasi ngumu ya boksi juu ya chesisi za mitumba. Behewa la boksi ni jepesi na litaanguka kila mara usipoliongezea uzito. Ndani ya kila moja nimegandisha washa za chuma mpaka lifike gramu 80 au 90. Tangu hapo hayaruki njia.

Kukata viungio natumia kijiti cha mshikaki. Kichonge ncha, kiingize katikati ya viungio, kizungushe kidogo.

Hatua ya 6: Kokoto

Hapa usiwe na haraka. Kokoto ya reli ya kweli, yenye sentimita 5, katika 1:64 inakuwa chini kidogo ya milimita moja. Chukua mchanga wa mto, uchekeche kwa chujio la chai. Mchanga wa baharini uache, chumvi yake inakula reli. Kisha pitisha sumaku juu ya mchanga mkavu mara kadhaa. Utaona chembe nyeusi zimeng'ang'ania. Hizo zikiingia kwenye mota zitaiharibu.

Mwaga mchanga katikati ya taruma, usawazishe kwa brashi laini, unyunyizie maji. Changanya gundi nyeupe ya mbao sehemu moja na maji sehemu tatu, ongeza tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, maji yanajikusanya kuwa matone na kuhamisha mchanga wote. Dondosha kwa bomba la sindano, usiku mzima uache pakauke.

Karibu na ndimi za pointi, zile reli mbili nyembamba zinazosogea, usiweke gundi kabisa. Pointi yangu ya kwanza niliigandisha hivyo. Nilikaa jioni nzima nikichokonoa kwa wembe, na mwishoni nikanunua nyingine.

Hatua ya 7: Cheza

Andika namba za mabehewa kwenye vikadi vinane. Weka mabehewa matano njia ndefu, matatu njia fupi moja. Changanya vikadi, chomoa vitano. Kazi yako ni kuyapanga mabehewa hayo matano kwenye njia ndefu, kwa mfuatano ule ule uliochomoa, bila kuyainua kwa mkono. Mifuatano inayowezekana ni 6,720, kwa hiyo hutamaliza mwaka huu.

Kwangu mpwa wangu ndiye stesheni masta. Yeye anachomoa vikadi na kunisomea kwa sauti, mimi ni dereva, na akisema "simama" nasimama hata kama injini iko katikati ya pointi. Treni ikikamilika anapuliza filimbi, tunabadilishana.

Mkimaliza, futa reli kwa kitambaa cha pamba chenye alkoholi ya aisopropili kidogo, kisha tandaza kanga juu ya ubao mzima, vumbi lisiingie.