Kutafuta utaratibu wako wa kuandika skripti ya filamu

Nunua daftari dogo la shule, kila ukurasa uugawe safu nne: tarehe, saa uliyoanza na kumaliza, kurasa ulizopata, na kilichokukatisha. Hadithi yako isiingie humo kabisa. Daftari hili ni la kukuchunguza wewe, na baada ya wiki sita litakuambia mengi kuliko ushauri wa mwandishi yeyote anayeamka saa kumi alfajiri na kudhani kila mtu aamke naye.

Wanaoanza wengi huiga utaratibu wa mtu mwingine, unawashinda kufikia siku ya nne, kisha wanajihukumu kuwa hawana kipaji. Mara nyingi kipaji hakina kosa hapo. Utaratibu umetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye chumba chake, umeme usiokatika na asubuhi isiyo na foleni, halafu unapelekwa Tandika, Dar es Salaam, kwenye chumba kimoja cha watu watatu.

Jaribio la wiki sita

Andika skripti fupi tatu, kila moja kurasa 5 hadi 7, kila moja wiki mbili. Zote ziwe na wahusika wawili na sehemu moja tu: genge, kituo cha bodaboda, chumba cha kusubiri daktari. Ukibadilisha hadithi, wahusika na njia kwa mkupuo mmoja, hutajua kilichokusaidia ni kipi. Acha njia peke yake ndiyo ibadilike.

Skripti ya kwanza iandike kwa mpango. Kata manila vipande vya ukubwa wa kiganja, kila kipande tukio moja kwa sentensi moja: nani anataka nini, nani anamzuia, mambo yanageuka vipi. Vipande 8 hadi 10 vinatosha kwa kurasa 6. Vipange sakafuni, vihamishe, vitupe vilivyolegea, ndipo uanze kuandika. Kosa la kawaida hapa ni kuandika mada badala ya tukio. "Mgogoro wa mama na mtoto" huwezi kuupiga picha. "Mama anakuta risiti ya rehani ndani ya mfuko wa sare ya mtoto" unaweza.

Ya pili isiwe na mpango. Anza na picha moja unayoiona wazi, hata kama hujui imetoka wapi, uisukume mbele kwa kuuliza: sasa huyu atafanya nini? Utapata kurasa nyingi haraka, na nusu yake utaitupa. Usiumie, gharama ya njia hii ndiyo hiyo. Anayepanga hulipia mbele, anayesukuma hulipia nyuma wakati wa kuandika upya.

Ya tatu anza kwa mdomo. Washa kinasa sauti cha simu, igiza wahusika wote wawili mwenyewe, kisha sikiliza na uandike. Wanaoandika dayalogi (mazungumzo ya wahusika) ngumu kama taarifa ya habari ndio inaowafaa zaidi, hasa waliozoea kufikiri muundo kwa Kiingereza kisha wakatafsiri maneno ya wahusika. Mdomo hautafsiri. Mkazi wa Buguruni anayedai pesa yake hasemi "ninahisi umenisaliti".

Mwisho wa wiki ya sita, fungua daftari. Usiangalie skripti ipi ni nzuri. Angalia ipi uliimaliza, ipi uliikwepa, na kurasa zilikuja saa ngapi. Wengi huishia na mchanganyiko: vipande vinane vya manila, kisha mdomo, kisha kuandika. Mwingine hugundua kwamba vipande vinamuua kabisa, kwa sababu akishajua mwisho hamu inakatika. Huyo aandike sentensi mbili tu, ya mwanzo na ya katikati, mwisho aukute njiani.

Saa zako na mji huu

Jipimie kwa kurasa, siyo kwa saa. Mtu anaweza kukaa mezani saa tatu akibadilisha jina la mhusika. Filamu ya dakika 90 ni kama kurasa 90 zilizoandikwa kwa mfumo unaotakiwa. Ukurasa mmoja kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 18 mpaka rasimu ya kwanza. Hesabu hiyo inabebeka hata kwa mwenye kazi ya kuajiriwa, mradi ujue ukurasa wako unatoka saa ngapi.

Dar es Salaam ina madirisha mawili ya utulivu. La kwanza ni baada ya adhana ya alfajiri hadi kama saa kumi na mbili, kabla ndoo na daladala hazijachangamka. La pili ni baada ya saa nne usiku, ila Ijumaa na Jumamosi usilitegemee kama jirani ana baa. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba cha bati mchana hakikaliki, na kichwa kilichopikwa hakitoi dayalogi. Ukiwa na nafasi ya mchana, sogea Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ukiwa na daftari la mkono.

Muda wa barabarani utumie kufikiri, kuandika acha. Ukipanda gari, beba swali moja tu kuhusu sini inayofuata, yaani kipande cha hadithi kinachotokea mahali pamoja kwa wakati mmoja: kwa nini huyu hasemi ukweli? Ukishuka, andika jibu kwenye simu kwa mistari mitatu. Na ukitaka kujirekodi ndani ya daladala, usikae dirishani na simu mkononi. Wanaopita na kupokonya kwenye foleni hawajali kama umefika kilele cha hadithi.

Umeme nao uingize kwenye mpango badala ya kuulalamikia. Rasimu ya kwanza iandike kwa mkono au kwenye simu, kompyuta ije kwenye rasimu ya pili. Asemaye "umeme ulikatika" mara tano kwa wiki ndani ya safu ya nne ya daftari amefunga kazi yake kwenye kifaa kisicho chake.

Kumwaga, kisha kuchonga

Kinachowachanganya wengi ni kutaka sini itoke nzuri mara ya kwanza. Itenge kazi hiyo mara mbili, siku mbili tofauti. Siku ya kumwaga, wahusika waseme kila kitu wanachojua na kuhisi. Itatoka hivi:

NDANI. CHUMBA CHA CHEREHANI – MCHANA

MZEE KONDO
Zuhura, hujanilipa kodi ya miezi mitatu na unalijua hilo.

ZUHURA
Najua mzee, lakini tangu mume wangu aondoke biashara imekuwa ngumu sana.

Mbaya, lakini imefanya kazi yake: sasa unajua nani anadai nini. Shida ni kwamba wanaambiana mambo ambayo wote wawili wanayajua. Wanamwambia mtazamaji, hawasemezani. Siku ya kuchonga, pitia kila mstari na swali moja: hili naweza kulionyesha?

NDANI. CHUMBA CHA CHEREHANI – MCHANA

Zuhura anashona. Mzee Kondo anaingia, anavuta stuli, anakaa bila kukaribishwa.

ZUHURA
Shikamoo mzee.

Mzee haitikii. Anashika pindo la gauni jeupe lililotundikwa ukutani.

MZEE KONDO
La nani hili?

ZUHURA
La bi harusi. Jumamosi.

MZEE KONDO
Kalipa?

Cherehani inasimama.

ZUHURA
Nusu.

Mzee Kondo ananyoosha kiganja.

Kodi haijatajwa hata mara moja, na hakuna mtazamaji wa hapa atakayeuliza mzee anataka nini. Tazama pia shikamoo. Salamu zetu ni ndefu, na wanaoanza huziandika zote: hodi, karibu, shikamoo, marahaba, za nyumbani, salama. Nusu ukurasa umekwisha na hakuna kilichotokea. Ingia kwenye sini baada ya salamu. Salamu ibaki pale tu inapouma, yaani isipoitikiwa, ikichelewa, au mdogo akisema "mambo" kwa aliyestahili shikamoo.

Kumwaga na kuchonga usivifanye kwa kikao kimoja. Anayechonga ni mkosoaji, na akiingia mapema anamfunga mdomo anayemwaga. Ndiyo maana kuna watu wenye ukurasa wa kwanza ulioandikwa mara thelathini na hawana ukurasa wa pili. Dawa yake ni sheria: hairuhusiwi kurudi nyuma ya sini ya jana mpaka rasimu iishe. Ukigundua dada anapaswa kuwa binamu, andika pembeni "kuanzia hapa ni binamu" na uendelee.

Vifaa

Herufi ni Courier, saizi 12, karatasi ya A4, upande wa kushoto nafasi ya inchi 1.5 ya kubania, pande nyingine kama inchi 1. Herufi za Courier zote zina upana sawa, na ndiyo sababu ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja. Ukiandika kwa herufi nyingine makadirio yanaharibika. Na hata hivyo ni makadirio. Sini ya ugomvi hukimbia, sini ya msiba huvuta, kwa hiyo isome kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu.

Programu ya kuandikia skripti iitwayo Trelby ni ya bure na inatosha kwenye kompyuta. Kwenye simu, andika maandishi ya kawaida kwa mfumo wa Fountain, ambao programu nyingi za skripti huusoma na kuupanga zenyewe. Kuna mtego mmoja kwa anayeandika Kiswahili: mfumo huo hutambua kichwa cha sini kikianza na INT au EXT, lakini NDANI na NJE hauzijui. Weka nukta mwanzoni, ".NDANI. CHUMBA CHA CHEREHANI – MCHANA", na itakubali. Kila ukimaliza kuandika jitumie nakala kwa barua pepe. Simu huibiwa, kompyuta humwagikiwa chai.

Unapokwama

Rasimu ndefu hukwama mara nyingi karibu na ukurasa wa 30. Sababu huwa ileile: shauku ya mwanzo imeisha na mhusika mkuu hana anachokitaka kwa nguvu, anatendewa tu. Usitafute tukio jipya la kishindo. Rudi kwenye manila, andika anachotaka steling (mhusika mkuu huyo) kwa sentensi moja inayopigika picha, kisha mnyang'anye njia rahisi ya kukipata.

Wengine hukwama mapema zaidi kwa sababu wamesimulia hadithi yote kijiweni. Ukishapata vicheko na "bonge la stori", hamu ya kuandika inapungua. Funga mdomo mpaka rasimu iishe.

Halafu kuna mazoea ya huku kwetu ya kuandika "hapa wanagombana" na kuwaachia waigizaji wajaze siku ya kushuti. Kwa waigizaji wazoefu inaweza kutoka, lakini wewe unayeanza hutajifunza lolote, maana sehemu ngumu umeiruka. Isitoshe, kupiga picha za filamu nchini kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na skripti huambatanishwa na maombi. "Hapa wanagombana" haitakutosha.

Rasimu ikiisha, iweke siku kumi bila kuigusa. Kisha itoe kwenye karatasi, maana kwenye kioo jicho husamehe mno, uwaite watu wawili wasioijua hadithi wakusomee kwa sauti. Wewe kaa kimya na kalamu. Usieleze kitu, usicheke kabla yao. Weka mstari pembeni kila msomaji anapojikwaa kwenye neno, na duara kila mmoja wao anapochungulia simu. Mistari ni dayalogi ya kuchongwa, maduara ni sini za kufupishwa au kutupwa. Kesho yake, saa ile ambayo daftari lako limeonyesha ndiyo yako, anza na duara la kwanza.