Siku ya daino Nairobi: kuipanga ili namba ziwe na maana

Siku ya daino ni siku ambayo kundi la wenye magari hukutana gereji kupima nguvu za magari yao kwenye daino, mashine yenye rola zinazozungushwa na tairi na inayochora grafu ya nguvu. Kabla ya kuulizia bei, andika orodha ya magari yatakayokuja na tairi zinazosukuma kila moja: za mbele, za nyuma au zote nne. Orodha hiyo ndiyo itakayokuchagulia gereji. Kundi la Nairobi halikosi Subaru, na Subaru inataka daino ya tairi nne ambayo rola za mbele na za nyuma zimeunganishwa zizunguke kwa mwendo mmoja. Ukiipandisha kwenye daino ya tairi mbili, tofauti yote ya mwendo inaishia kwenye difu ya kati (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma), nayo inapata moto na kuharibika upesi.

Gari la tairi mbili litengee dakika 30, la tairi nne dakika 45, kuanzia kupanda hadi kushuka. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, magari 12 yanatosha kabisa. Kusanya nusu ya ada kwa M-Pesa wiki moja kabla, maana anayeahidi kwa mdomo tu mara nyingi hatokei. Uliza pia kama jenereta ya gereji inaweza kuendesha daino na feni kwa pamoja. Kwenye daino yenye breki za umeme, stima ikipotea katikati ya kipimo mzigo unatoweka ghafla na mizunguko ya injini inapaa.

Wiki hiyo hiyo wape wenye magari masharti. Oili ifike alama ya juu na pasiwe na mvujo wowote, kwani tone moja kwenye rola linafanya tairi iteleze. Presha iwe psi 35 tairi zote. Tairi zilizovishwa mpira upya zisije kabisa: mpira huo unaweza kubanduka kwenye kasi. Mawe yaliyonasa kwenye kashata za tairi yatolewe, nati zikazwe, tanki liwe nusu au zaidi. Ndoano ya kuvutia gari itafutwe mapema. Magari mengi ya Japani hufika huku bila ndoano hiyo, na mikanda ikikosa pa kushika gari halipandi. Klachi ijaribiwe barabarani: gia ya nne, kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote. Mizunguko ya injini ikipanda na mwendo usipande, klachi imekwisha. Kwa injini za turbo, plagi ziwe na nafasi ya milimita 0.7 hivi, ikiwa pana sana, cheche inazimwa na presha na grafu inatoka na meno kama msumeno.

Kila gari lipimwe mara tatu kwa gia ile ile, yenye uwiano ulio karibu na moja kwa moja (1:1), kwa kawaida ya nne. Angalia hapa: magari mengi yaliyouzwa kwanza Japani yamefungiwa kilomita 180 kwa saa. Subaru WRX ya gia tano inagonga kikomo hicho kwenye gia ya nne kabla haijamaliza mizunguko yake, kwa hiyo itumie ya tatu. Otomatiki ishikiliwe kwenye gia moja, isiruhusiwe kushuka yenyewe. Kati ya vipimo iache dakika tatu hadi tano feni ikipuliza, na kwa Subaru yenye kipoza hewa juu ya injini, feni ielekezwe kwenye tundu la boneti. Injini ya turbo ya petroli ikisukuma kwa nguvu zote, uwiano wa hewa na petroli uwe kati ya 11 na 12. Ukivuka 13, au ukisikia injini ikigonga, mguu utoke mara moja.

Sasa suala linaloleta ugomvi kuliko yote: marekebisho ya hali ya hewa. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kanuni ya SAE, chama cha wahandisi wa magari, huzidisha kipimo cha hapa kwa karibu 1.25. Kwa gari lisilo na turbo ni haki, kwa sababu kweli limekosa hewa. Turbo hufidia sehemu kubwa ya hewa hiyo yenyewe, kwa hiyo nguvu-farasi 200 zikiandikwa 250, nyingi kati ya zile 50 hazipo. Agiza kila grafu itolewe mara mbili, iliyorekebishwa na isiyorekebishwa, na turbo zilinganishwe kwa isiyorekebishwa. Usikubali pia fundi aongeze asilimia ya "nguvu iliyopotea kwenye gia". Hiyo ni namba ya kukisia. Soma nguvu za kwenye tairi, basi.

Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari linapopimwa. Milango ya gereji iwe wazi na bomba la kufyonza moshi lifanye kazi, kwani kaboni monoksaidi haina harufu. Mitungi miwili ya kuzima moto iwe karibu, na vizibo vya masikio kwa wote.

Kabla ya kuondoka, nakili faili ghafi za kila gari kwenye flashi. Karatasi peke yake haitoshi: kiwango cha kulainisha grafu kikitofautiana, magari mawili hayalinganishiki tena.