Springi fupi au koilova? Ukishusha gari Mombasa, chagua kwa mvua ya mwezi wa tano

Kaskazi ikivuma kila mtu anataka kushusha gari, barabara ni kavu na gari iliyolala chini inapendeza wallahi. Alafu masika yanaingia. Yangu ni Subaru Impreza, niliitia springi za kushusha milimita 40 na shoki nikaacha zile zile ilizokuja nazo, fundi akanambia hakuna shida, na mwezi wa tano haujaisha shoki za mbele zote mbili zishamwaga oili. Ndio maana nawaomba sana, msichague springi kwa barabara ya Januari.

Kabla hujatoa hata shilingi, pima. Egesha gari mahali tambarare, tangi lijae, pandisha watu wanne unaowabeba kila siku, kisha lala chini na tepu upime kutoka kwa lami hadi kile kitu kilicho chini kabisa, na mara nyingi si bampa, ni ekzosi pale inapoungwa au ile kava ya chini ya injini. Ukipata sentimita 15 na springi zinashusha 4, umebaki na 11 hivi, na yale matuta ya mtaani watu wanayojijengea wenyewe kwa mawe na simiti hayana kipimo. Pima pia kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, uandike kwa simu, utavihitaji baadaye.

Springi fupi ni rahisi, hazina vitu vingi vya kushika kutu, zikishafungwa zimefungwa. Kama ni gari ya kazini na kupeleka watoto shule mimi nakwambia chukua hizi, lakini usipite milimita 25 au 30 kwa shoki za kawaida, ukitaka zaidi ya hapo nunua na shoki fupi zake. Sababu ni hii, shoki inataka nafasi ya kwenda. Ukiishusha sana inakaa karibu na ile raba ya kuzuia, na barabara za ndani Kisauni au Bamburi maji yakituama shimo halionekani kina chake, tairi inaingia, shoki inagonga raba, gari inaruka, na tairi iliyoruka kwenye lami yenye maji haishiki kitu. Na usikubali kabisa mtu akukatie springi kwa grainda au aichome moto, haikai tena vizuri kwa kikombe chake na siku moja itachomoka.

Koilova ni springi na shoki zilizofungwa pamoja, urefu wake unaurekebisha kwa ringi, na raha yake ni kwamba unaipandisha masika, kaskazi unaishusha. Ila uliza ni aina gani. Kuna zile ukizungusha ringi unasogeza kikalio cha springi peke yake, na kuna zile mguu wa chini unazunguka peke yake bila kugusa springi, hizo za pili unabadilisha urefu bila kuila nafasi ya shoki, na kwa mashimo yetu ndizo nazipendelea.

Shida ya koilova hapa ni chumvi. Japani na Ulaya majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na koilova zao zinashika kutu mpaka ringi hazizunguki. Sisi chumvi tunaletewa na upepo wa bahari mwaka mzima. Kwa hivyo ukinunua zilizotumika kutoka Japani usiangalie rangi, zungusha ringi kwa mkono hapo hapo dukani kuanzia juu hadi chini, ikikwama zirudishe, ufunue na ile buti ya vumbi, fimbo ya shoki ikiwa na oili au vidoa vya kutu hiyo imekwisha.

Zikishafungwa, kila mwezi zioshe kwa maji matamu, si maji ya kisima ya chumvi, yaani hapa wengi wanakosea kwa sababu sehemu nyingi za kuoshea gari zinatumia ya kisima. Sugua zile nyuzi ringi inapozungukia kwa mswaki wa zamani, kausha, pulizia silikoni. Grisi nzito achana nayo, inashika mchanga. Na hata kama hutaki kubadilisha urefu, kila miezi mitatu zungusha ringi kidogo na uzirudishe.

Siku ya kufunga simama na fundi. Springi ibanwe kwa kibanio chake, si kwa waya. Zile bolti za bushi, yaani raba za mikono inayoshika magurudumu, zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini, zikikazwa ikiwa juu ya jeki raba inakaa imejipinda na inapasuka mapema. Endesha wiki moja au mbili springi zikae, linganisha na vipimo vyako vya kwa simu, alafu ndio upeleke alaimenti, la sivyo tairi zitalika upande wa ndani. Taa za mbele pia zirekebishwe.

Kisha pakia wale watu wanne tena, shusha vioo, zima redio, pita tuta la kwenu pole pole, na kama wewe ni wa Likoni panda nayo feri maji yakiwa yamekupwa, maana pembe ya mlango wa feri na ule mteremko wa simiti hubadilika na maji. Ukisikia imekwaruza, rudi kwa fundi siku hiyo hiyo, na kama ni koilova uipandishe milimita 10.