Ukipata ajali kati ya Nakuru na Mau Summit

Kwenye miteremko ya Salgaa na Sachangwan malori hushuka yakiwa na mizigo mizito, na upande wa Molo kuna ukungu asubuhi. Kwa hivyo ukigongana na mwenzako, usikimbilie kuangalia bampa. Zuia kwanza gari la tatu lisije likawamaliza.

Zima injini, vuta handibreki, washa taa za hazadi. Abiria watoke kwa mlango wa upande wa ukingo na wasimame mbali na lami, kamwe si katikati ya magari mawili. Laifseva (pembetatu ya onyo inayong'aa) iwekwe hatua 50 nyuma ya gari, na zaidi ya 100 kama ni mteremko au kona. Pale ambapo njia haijatenganishwa, weka nyingine mbele. Huna? Kata matawi, uyapange kutoka mbali ukikaribia gari. Jiwe ulilozuia nalo tairi uliondoe gari likishavutwa. Dereva wa usiku akilikuta barabarani, hiyo ni ajali ya pili.

Lori la mafuta likianguka, ondokeni wote, na yeyote anayekuja na mtungi arudishwe. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, watu walikuwa wakichota petroli iliyomwagika moto ulipolipuka. Zaidi ya 100 walikufa.

Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu kwa 1199. Taja mahali kwa alama: umepita kituo gani cha petroli, unaelekea upande gani. Anayevuja damu, kunja leso, ubonyeze jeraha kwa kiganja dakika 10 bila kuchungulia. Ikilowa, ongeza kitambaa kingine juu yake, usiitoe ya kwanza. Mwenye maumivu ya shingo au asiyehisi miguu asivutwe kutoka ndani ya gari isipokuwa kuna moto, na mtu wa boda asivuliwe helmeti maadamu anapumua vizuri. Watu wema huleta maji na chai. Majeruhi asipewe, huenda akahitaji upasuaji. Hospitali haina ruhusa ya kumfukuza mtu wa dharura kwa kukosa pesa: Katiba ya Kenya, kifungu cha 43(2).

Sasa toa simu. Kama magari bado yako pale yalipogongania, piga picha pande zote nne, alama za breki kwenye lami, vioo vilivyomwagika, nambari za usajili na cheti cha bima cha mwenzako, tarehe ya kuisha ikisomeka. Halafu rudi nyuma hatua 20 upige picha inayoonyesha barabara nzima, maana bampa lililobonyea halisemi nani alihama njia. Chukua nambari ya simu ya shahidi mmoja asiyekujua, kabla hajapanda matatu.

Sheria inataka uripoti kwa polisi haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Usiondoke kituoni bila nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Abstrakti (ripoti fupi ya polisi kuhusu ajali) ikitoka, isome hapo hapo dirishani, herufi kwa herufi: KDB ikiandikwa KBD, madai yako yatarudishwa. Aliyeumia achukue pia fomu ya P3 ya polisi ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari, na atunze kila risiti ya matibabu.

Kuna wanaomalizana kando ya barabara kwa elfu tano. Hatukushauri. Shingo hukaza kesho yake, na chasisi iliyopinda haionekani kwa macho.

Bima waambie siku hiyo hiyo. Usikiri kosa kwa maandishi, usiahidi kulipa, usipeleke gari kwa fundi kabla asesa, mkaguzi wa hasara wa bima, hajaliona. Mambo haya matatu huipa kampuni sababu ya kukataa. Na kama una thadi pati pekee, inamlipa uliyemgonga, gari lako utalitengeneza mwenyewe.

Breakdown (gari la kuvuta) ikifika, patana bei na mahali gari litakapopelekwa kabla mnyororo haujafungwa. Toa ndani stakabadhi, spea na jeki, kisha piga picha ya dashibodi, kilomita zionekane.

Aliyegongwa kichwa aangaliwe kwa siku mbili: akitapika, akichanganyikiwa au akilala asiamke kirahisi, arudishwe hospitalini usiku huo huo. Kesi ya fidia ya majeraha ifunguliwe mahakamani ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali.