Kabla ya kuomba sindano ya homoni kwa sababu ya mawazo

Hapa Hombolo wanajua kwamba huwa nachomwa sindano ya testosteroni, yaani homoni ya kiume. Kwa hiyo wanaume wanakuja shambani kwa kisingizio cha kuuliza bei ya zabibu, na baada ya kuzunguka weee, swali lenyewe linatoka: "Mzee, eti hiyo sindano yako inaondoa mawazo?" Anayeuliza mara nyingi halali vizuri, hana hamu ya kazi wala ya mke, na watoto wanamkimbia kwa hasira zake. Amesikia kwamba homoni ya kiume ikipungua, mwanaume huwa hivyo. Ni kweli. Lakini sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nayo humfanya mtu awe hivyohivyo, na kwa mwanaume wa Dodoma ni rahisi kusema "homoni zimeshuka" kuliko kusema "mawazo yamenizidi." Ukitaja mawazo tu, mtu anakutajia Mirembe, hospitali yetu ya magonjwa ya akili, na sisi jina lake tumeligeuza tusi.

Mimi sindano niliandikiwa kwa sababu matubwitubwi yalinipata ukubwani yakashukia kwenye korodani, zote mbili zikavimba kisha zikanywea. Wewe huenda hali yako ni nyingine kabisa. Fuata utaratibu huu kabla hujampa mtu hela.

Jichunguze kwanza. Upungufu wa testosteroni hujionyesha zaidi mwilini: hamu ya tendo imepotea kwa muda mrefu, uume hausimami wenyewe alfajiri kama zamani, ndevu zinaota kwa kusuasua, misuli inanywea, pengine matiti yanavimba au joto linakupanda ghafla. Sonona hukaa zaidi moyoni: kitu ulichokipenda hakikufurahishi tena, unajilaumu kwa kila jambo, unaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi, unajiona mzigo kwa watu wako. Uchovu na kukosa hamu viko pande zote mbili, kwa hiyo usivitumie kuamua. Na kama unawaza kujiua, habari za homoni ziweke kando kabisa. Mwambie mtu unayemwamini, na siku hiyohiyo akupeleke hospitali iliyo karibu.

Kisha kapime damu, na hapa ndipo watu wengi wanapoibiwa. Testosteroni hupanda asubuhi na kushuka kadiri siku inavyokwenda, kwa hiyo damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, hujala kitu. Supu na chapati zisubiri, maana chakula hushusha kiwango. Usipime ukiwa na malaria au homa yoyote, wala baada ya kukesha ukilinda shamba, kwa sababu ugonjwa na kukosa usingizi hushusha pia. Kipimo kikitoka chini, rudia siku nyingine kwa masharti yaleyale. Nimewahi kuletewa karatasi ya jamaa aliyepimwa mara moja tu, saa tisa mchana, akiwa ametoka kula, na tayari alikuwa ameshauziwa sindano ya kwanza. Karatasi hiyo haina maana.

Ukisoma majibu, angalia kizio. Maabara nyingine hutumia nanogramu kwa desilita, nyingine nanomoli kwa lita, na nanomoli moja ni sawa na nanogramu 29 hivi. Mtu anaona 14 anashtuka, kumbe 14 ya nanomoli ni kama 400 ya nanogramu na hana tatizo. Madaktari wa mfumo wa mkojo wa Marekani huhesabu upungufu ukiwa chini ya 300 nanogramu, na dalili ziwepo. Namba peke yake bila dalili haitibiwi, na dalili bila namba pia haitibiwi kwa sindano.

Ikiwa zote mbili zipo, omba kipimo cha homoni ya LH. Hiyo hutoka kwenye tezi ndogo chini ya ubongo kuziamuru korodani zifanye kazi. LH ikiwa juu huku testosteroni iko chini, ni bosi anayefoka na mfanyakazi hawezi kazi: korodani ndizo zimeharibika, kama zangu. LH ikiwa chini au ya kawaida, bosi mwenyewe amenyamaza, na lazima itafutwe sababu. Sababu nyingine ni kubwa, kama uvimbe kwenye hiyo tezi, ndiyo maana daktari makini atapima na prolaktini, homoni nyingine ya tezi hiyohiyo. Nyingine unatembea nazo: tramado za kupunguza uchovu wa safari, kitambi, kisukari, pombe ya kila siku, kukoroma hadi pumzi inakatika. Kwa mtu wa namna hiyo, kuacha tramado kwa msaada wa daktari au kupunguza uzito kunaweza kupandisha homoni bila sindano yoyote. Waliotumia steroidi za kujenga mwili wakaacha ghafla wamo humuhumu. Korodani zao zimelala kwa muda, na huzuni inayowapata inaweza kuwa kali kweli. Waseme ukweli kwa daktari, wasifiche.

Sasa swali la mawazo. Mwaka 2016 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wanaume 790 wa miaka 65 na zaidi, wote wakiwa na testosteroni ya chini. Waliopewa homoni walipata nafuu ya hisia na dalili za sonona kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu, lakini nafuu yenyewe ilikuwa ndogo. Iliyoonekana zaidi ilikuwa hamu ya tendo. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani cha huko kikashauri kwamba kwa upungufu unaotokana na umri, homoni ifikiriwe kwa tatizo la tendo la ndoa, siyo kwa ajili ya nguvu na uchangamfu. Kwa maoni yangu mimi niliyeitumia, wako sahihi. Kilichonirudia ni mwili. Madeni na ugomvi wa mpaka wa shamba vilikuwa palepale.

Kwa hiyo siku unayopima homoni, omba upimwe na sonona. Kuna maswali tisa ambayo mhudumu anaweza kukuuliza kwa dakika chache, kuhusu majuma mawili yaliyopita. Yakionyesha sonona, itibiwe kama sonona, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa dawa kama fluoksetini, au vyote. Mirembe ipo tangu 1927 na watu kibao wanaingia asubuhi, wanamwona daktari, wanachukua dawa na kupanda daladala kurudi kwao. Ukishindwa kabisa na jina, hospitali ya Benjamin Mkapa au ya rufaa ya mkoa pia unaweza kuanzia. Jua tu kwamba fluoksetini yenyewe inaweza kupunguza hamu ya tendo. Ikitokea, mwambie daktari abadilishe, usiache kimyakimya. Na ukianza homoni usiache dawa za sonona kwa kujiamulia. Kama kwenu kuna mtu mwenye vipindi vya kuchangamka kupita kiasi na kuanguka tena, litaje hilo mapema, kwa maana dozi kubwa za testosteroni zimewahi kuwapandisha watu wachache hali kama hiyo.

Ukiandikiwa sindano, uliza imeyeyushwa kwenye mafuta gani. Ile ya mchanganyiko wa aina nne hutumia mafuta ya karanga, na mwenye mzio wa karanga haiwezi. Ninayochomwa mimi, testosteroni ya aina ya undekanoati, imo kwenye mafuta ya nyonyo, miligramu 1000 ndani ya mililita 4. Muuguzi anaifumbata chupa kiganjani ipate joto, kwa sababu mafuta ni mazito. Nalala kifudifudi, anachoma kalio, anasukuma polepole karibu dakika mbili huku akiniambia nilegeze mguu. Anayesukuma haraka anakuumiza, na mafuta yakiingia kwenye mshipa unaweza kukohoa na kubanwa pumzi, ndiyo maana nusu saa baada ya sindano sitoki hospitalini.

Hiyo hudumu wiki 10 hadi 14. Zile za muda mfupi, zinazochomwa kila wiki mbili au tatu, hupanda sana siku za mwanzo na kushuka mwishoni, na hisia hufuata: leo unaimba, wiki inayofuata unagombana na kuku. Dawa ya hapo kwa kawaida siyo kuongeza dozi, ni kugawa dozi ndogo kwa vipindi vifupi. Daktari hawezi kujua bila maandishi, kwa hiyo nunua daftari la shule. Kila jioni andika usingizi, hamu, hasira, na wiki ya ngapi tangu sindano. Langu lina mstari huu: "Wiki ya 12. Nimemfokea kijana wa maji kwa ndoo moja kumwagika. Usingizi mbaya." Ukurasa kama huo ndio uliofanya sindano yangu ichomwe mapema zaidi. Mke wangu yeye hahitaji daftari, anajua kabla yangu, naye nimempa ruhusa aandike.

Usitegemee miujiza ya siku mbili. Hamu huanza kurudi wiki ya 3 hadi ya 6, na hisia zikiwa zinahusiana na homoni huanza kubadilika kipindi hichohicho, ila kufika mwisho wake huchukua hata wiki 30. Zikipita hizo na bado moyo ni mzito, tatizo halikuwa homoni.

Damu lazima iangaliwe baada ya miezi 3 hadi 6, kisha kila mwaka. Testosteroni huongeza chembe nyekundu, na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu, ikipita asilimia 54 sindano inasimamishwa, kwa maana damu nzito huziba mishipa. Kwa jua letu hili kunywa maji ya kutosha kabla ya kipimo, vinginevyo namba hupanda kwa ukavu tu. Wenye umri wa kusumbuliwa na tezi dume wapimwe na PSA, kipimo cha damu cha tezi hiyo. Mwenye saratani ya tezi dume au ya titi haanzi kabisa.

Vijana ndio nawasisitizia hili, kwa sababu wauzaji hawasemi: sindano hii huzima utengenezaji wa mbegu. Ubongo ukiona homoni imejaa huacha kuziamuru korodani, na mbegu zinaweza kufika sifuri. Zikishazimika hurudi taratibu baada ya kuacha, kwa miezi, na si kila mtu zinamrudia zote. Lakini usiitumie kama uzazi wa mpango pia, haiaminiki. Kama bado unataka mtoto, mwambie daktari kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu ambao korodani zao bado nzima wana dawa nyingine, kama klomifeni au sindano za hCG, zinazoamsha korodani zenyewe.