Namna ya kusoma picha ya kidonge cha urani kilichokaa sana kwenye kinu cha nyuklia

Nyie mnaosoma fizikia hapa Unguja na Pemba, mkipata picha ya hadubini ya kidonge cha mafuta ya nyuklia kilokatwa baada ya miaka kwenye kinu, msianze katikati. Anzeni ukingoni, tena ukingo kabisa, maana mambo makubwa yako pale kwenye maikromita 100 au 200 za mwisho.

Tafuta kwanza kipimo chini ya picha, bila ya hicho utababaika. Kidonge kina upana wa milimita 8 mpaka 10 hivi, na kikiwa kipya punje zake za oksaidi ya urani zina kama maikromita 10. Sasa zitizame za ukingoni, ukiona punje hazijulikani tena na pamejaa vitundu vya duara vya maikromita moja hivi, kama mkate wa kumimina, basi ndo penyewe, kila punje ishagawika vipunje maelfu kwa maelfu vya maikromita 0.1 mpaka 0.3.

Utauliza, mbona ukingoni na joto kali liko katikati? Hapo ndo patamu jamani! Urani 238 inanasa nyutroni zaidi pale juu juu, inageuka plutoniamu, plutoniamu nayo inapasuka, kwa hivo mwako wa ukingoni, yaani nishati ilokwisha kutolewa na kila tani, unaupita wa ndani, na pale joto ni dogo, nyuzi 400 au 500 tu, atomi zilotolewa mahali pake haziwahi kurudi. Yakirundikana hayo mpaka mwako wa pale ufike gigawati-siku 60 au 70 kwa tani, punje zinajipanga upya. Gesi ya zenoni, inayozaliwa atomi zikipasuka, inatoka kwenye punje inaingia vitunduni na kubaki humo kwa shinikizo kubwa, ndo maana kidonge kama hichi kikipashwa moto ghafla kinaweza kumumunyuka unga.

Halafu ndo uende ndani. Zile nyufa kubwa usizihangaikie, zinaanza mapema tu kinu kinapopandishwa nguvu, kwa vile katikati panatanuka kuliko nje. Vidoa vyeupe ni vyuma vilozaliwa na mpasuko wa atomi, molibdenamu, rutheniamu, paladiamu na wenzao.

Ukiandika jibu, usitaje mwako bila kusema ni wa wastani au wa mahali hapo, ukingoni unaweza kufika mara mbili ya wastani.